Vina vina kina: Jina la albamu ya kwanza ya Fid Q na somo la arudhi

Hebu yasome maneno haya matano kwa sauti: Vina Mwanzo Kati na Mwisho. Ndilo jina la albamu ya kwanza ya Fareed Kubanda, anayejulikana zaidi kama Fid Q, msanii wa hip hop kutoka Mwanza, Tanzania. Ilitoka katikati ya miaka ya 2000, enzi ambazo muziki wa Bongo ulikuwa bado ukivuka mpaka wa Namanga kwa kanda za kaseti. Nimekuwa nikifundisha ushairi wa Kiswahili kwa zaidi ya miaka 30, na nasema bila kusita kwamba ni majina machache sana ya diwani, hata za malenga wetu wanaoheshimiwa, yaliyobeba mzigo wa kifasihi unaolingana na huu.

Najua mashabiki wa hip hop watanicheka. Watasema, "Profesa, leo ndiyo umeamka? Fid Q ni jina kubwa!" Kweli, miongoni mwao ni jina kubwa. Lakini waulize ni albamu ipi wanayoikumbuka. Wengi watakutajia Propaganda, ile ya 2009, au watakutajia nyimbo mojamoja kama "Mwanza Mwanza". Albamu ya kwanza imebaki nyuma ya mlango. Kisha nenda kwa wenzangu, walimu na wahadhiri wa Kiswahili huku Kenya, uwaulize swali hilohilo. Utapata kimya. Tunaye mtu aliyeiita kazi yake ya kwanza kwa istilahi za arudhi, istilahi zilezile tunazoziandika ubaoni kila muhula, nasi hatujawahi kumwalika darasani hata kwa jina tu. Huko ndiko kutothaminiwa ninakokuzungumzia.

Tuanze na sarufi, maana najua wasomaji wa ukurasa huu na wanavyopenda kushika kalamu nyekundu. Mtu wa kwanza kuliona jina hili atauliza: iko wapi "vya"? Sarufi yadai "vina vya mwanzo, vya kati na vya mwisho". Kihusishi cha a-unganifu kimetupwa. Je, ni uzembe wa vijana wa mtaani?

La hasha. Liangalie tena neno "vina". Katika somo la ushairi, vina ni wingi wa kina, yaani silabi zinazofanana sauti katika nafasi maalumu za mishororo. Lakini "vina" pia ni kitenzi kishirikishi: kiambishi cha ngeli ya KI-VI katika wingi, vi-, kikifuatwa na na- ya umilikaji. Vitabu vina kurasa. Viatu vina soli. Kwa hiyo jina la albamu ni sentensi kamili, tena sanifu kabisa: (vitu hivi) vina mwanzo, kati na mwisho. Hakuna "vya" iliyokosekana, kwa sababu haikuhitajika. Kiima ndicho kilichofichwa, na Kiswahili huruhusu kiima kufichwa kila siku ya Mungu. Mtu akikuuliza kuhusu viazi, unajibu "vina chumvi", basi, hukulazimika kuvitaja tena.

Kuna maana ya tatu. Kina ni umbali wa kwenda chini, kama kina cha kisima au kina cha maji. Wingi wake ni vina vilevile. Na tusisahau kwamba aina za mashairi tunaziita bahari, neno tulilolipata kutoka kwa Waarabu ambao nao huziita bahari. Ikiwa ushairi una bahari, bahari zina vina, na huyu kijana aliyekulia kando ya Ziwa Viktoria anatuambia kuwa kina chake kiko mwanzo, kiko kati, kiko mwisho. Hakuna pahali pa maji ya magoti.

Tukiongezea kuwa hii ni albamu ya kwanza, yaani mwanzo wenyewe, na kwamba msanii anatoka Mwanza, jina ambalo hutofautiana na "mwanzo" kwa irabu moja tu, basi tuna fumbo ambalo Muyaka bin Haji wa Mombasa angelitabasamia. Msomaji atauliza kama Fid Q aliyakusudia yote haya. Mimi swali hilo huwa silipi uzito mkubwa. Mshairi hufungua mlango, lugha ndiyo inayoingiza wageni. La muhimu ni kwamba maana zote tatu ziko ndani ya maneno yenyewe na hakuna hata moja inayohitaji kusukumwa ili iingie.

Sasa tuingie jikoni. Shairi la kimapokeo, lile la mizani 16 katika mshororo, hugawanywa vipande viwili. Cha kwanza tunakiita ukwapi, cha pili utao. Mwishoni mwa ukwapi pana kina cha kati, na mwishoni mwa utao pana kina cha mwisho, au kina cha nje kama wasemavyo wengine. Kanuni hizi Sheikh Kaluta Amri Abedi aliziweka kitabuni mwaka 1954, katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, na mpaka leo ndizo zinazotawala darasa. Kwa hiyo kati na mwisho tunavijua. Hivyo ni vya babu zetu.

Lakini mwanzo? Hapo ndipo jina hili linapovunja ua. Hakuna kanuni katika shairi la kawaida inayokutaka uweke kina mwanzoni mwa mshororo. Tuna jamaa zake wa mbali. Ukawafi una vipande vitatu, ukwapi, utao na mwandamo, kwa hiyo una vina katika nafasi tatu, ingawa zote ni miisho ya vipande. Pindu, ambayo wengine huiita mkufu au nyoka, hulichukua neno la mwisho la ubeti na kulirudisha mwanzoni mwa ubeti unaofuata. Tena tuna takriri, pale neno moja linapofungua mishororo kadhaa. Vyote hivi ni urudiaji unaogusa mwanzo au unaoongeza idadi ya nafasi. Kudai kwamba mshororo mzima uwe na mwangwi, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, ni kujifunga mzigo ambao hata malenga wa Pwani hawakujifunga.

Kwa nini msanii wa kufoka ajitese hivyo? Hapa pana jambo ambalo naona wahakiki wetu hawajalieleza vya kutosha, na linahusu fonolojia ya lugha yetu wala si mapenzi ya mtu.

Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kina cha kimapokeo nacho huangukia silabi ya mwisho kabisa, ambayo haina mkazo. Tazama mishororo hii miwili niliyoitunga kwa ajili ya makala haya, wala usinihukumu sana:

Mti nilioupanda, leo wanipa kivuli,
Wapitao waupenda, watokao huko mbali.

Hesabu mizani, ni nane kwa nane. Vina ni -nda na -li. Mwalimu yeyote atatia alama ya pata. Lakini yaseme maneno hayo kama unavyozungumza na jirani yako: panda, penda, kivuli, mbali. Mkazo uko kwenye pa- na pe-, uko kwenye -vu- na mba-. Sauti zinazogonga sikio kwa nguvu hazifanani. Zinazofanana ni zile dhaifu za mwishoni. Mbona basi babu zetu waliridhika? Kwa sababu shairi halikuwa la kusemwa. Lilighanwa. Mghani huivuta silabi ya mwisho, huipa pumzi, huiacha ielee. Katika mahadhi, silabi isiyo na mkazo hupata enzi yake.

Sasa weka ngoma chini ya maneno hayo. Hip hop huenda kwa mapigo manne, na maneno hubaki na mkazo wake wa mazungumzo. Pigo litaipata pa-, litaipata pe-, kisha ile -nda itamezwa na ngoma kama kokoto kisimani. Kina cha Amri Abedi, kilichotosha kabisa barazani, hakisikiki tena. Msanii hana budi kuanza kufananisha sauti kutoka kwenye silabi yenye mkazo hadi mwisho wa neno. Kina kinanenepa. Kinakuwa cha silabi mbili, tatu, hata nne. Na kwa kuwa mshororo wa kufoka ni mrefu na hauna mizani ya kuubana, masikio huhitaji alama nyingine za kuyaongoza ndani yake, nazo huwa vina vya mwanzo na vya kati.

Nikae hapohapo nitoe mfano wangu mwingine. Hapa Kaptagat ninakoishi, wanariadha hukimbia kabla hapajapambazuka, wengine waya za simu zikiwa masikioni, na mara nyingi nimejiuliza miguu ile inafuata mapigo ya wimbo gani. Nikawaandikia hivi:

Mbio zetu alfajiri, barabara bila jua,
Kilio changu ni siri, njia ndiyo inayojua.

Mwanzo, mbio na kilio. Kati, alfajiri na siri. Mwisho, jua la mbinguni na kujua kwa akili. Katika nafasi zote tatu mwangwi unaanzia kwenye irabu yenye mkazo, kwa hiyo ngoma haiwezi kuumeza. Mizani hazilingani, na mwalimu wa arudhi atasema ni guni. Aseme. Sikio halitalalamika. Hivyo ndivyo ninavyolisoma jina la albamu ya Fid Q: ni muhtasari wa kanuni hii, kanuni ambayo wasanii wa kufoka waliigundua kwa kufanya kazi, sisi tukiwa bado tunaifundisha ile nyingine peke yake.

Kuna mtego mmoja ambao yafaa niutaje, maana unamtofautisha fundi na mwanagenzi. Kiswahili ni lugha rahisi mno kwa vina. Karibu kila kitenzi chetu cha asili ya Kibantu huishia kwa -a, na viambishi vya mnyambuliko hukupa vina vya bure: -isha, -ika, -ana, -wa. Mtu akitaka anaweza kufoka dakika tano kwa kupisha, kulisha, kuvisha na kufikisha, asiseme chochote. Mkizisikiliza redio zetu mtakubaliana nami kwamba wapo wengi wanaofanya hivyo. Fid Q amejijengea sifa kwa kukikwepa kina cha bure: hukutanisha nomino na kitenzi, jina la mtu na kielezi, neno la Kiswahili na la kigeni, mpaka msikilizaji anashtuka kuona maneno mawili yaliyoishi mbalimbali miaka yote kumbe ni ndugu wa sauti. Hiyo ndiyo kazi halisi ya kina. Kinapounganisha sauti, kinatulazimisha tutafute uhusiano wa maana.

Si kwamba simwoni mapungufu. Kwa ladha yangu, hupenda kurundika: majina ya watu mashuhuri, misemo ya wanafalsafa, methali, kejeli, vyote katika ubeti mmoja, na mara nyingine hoja hupoteza njia katikati ya mapambo. Washairi wa kimapokeo nao wana ugonjwa huo, ila wao hurundika Kiarabu.

Wale waliosoma fasihi miaka ya 1970 na 1980 watakumbuka mgogoro mkubwa wa wanamapokeo na wanamabadiliko. Upande mmoja walikuwapo walioshikilia kuwa bila vina na mizani hakuna shairi. Upande wa pili walikuwapo vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974, diwani ya mashairi huru, moto ukawaka. Mulokozi na Kahigi wakafuata na Malenga wa Bara, kisha mwaka 1979 wakatoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, ambamo walijaribu kuueleza ushairi kwa upana zaidi ya hesabu ya silabi. Magazeti yalijaa majibizano. Watu walinuniana kwelikweli.

Nadhani mgogoro ule ulipata jibu, lakini jibu lilitoka upande ambao hakuna aliyekuwa akiutazama. Mwaka 1991 Saleh Jabir alichukua midundo ya Kimarekani akaifokea kwa Kiswahili. Mr. II, ambaye ni Joseph Mbilinyi, akafuata katikati ya muongo huo. Huku kwetu vijana watatu wa Dandora, Kalamashaka, walitoa albamu yao Ni Wakati mwaka 2001, mwaka uleule ambao Profesa Jay, yaani Joseph Haule, alitoa Machozi, Jasho na Damu. Hawa wote hawakusoma Sheria za Kutunga Mashairi kabla ya kuingia studio. Lakini tazama walichofanya. Walitupa mizani, kama wanamabadiliko walivyotaka. Wakabakiza vina na kuvizidisha, kuliko hata wanamapokeo walivyoota. Na Amri Abedi, aliyesisitiza kwamba shairi sharti liimbike, angejikuta katika hali ya ajabu: kwa kipimo chake hicho cha kuimbika, hip hop inafaulu mtihani ambao shairi huru huanguka. Fid Q alikuja baada ya hao niliowataja, ila ndiye aliyeliandika jambo hilo juu ya kasha la kazi yake kwa istilahi za fani. Ni kama aliyetia sahihi hati ambayo wenzake walikuwa wameshaitekeleza.

Hapa yafaa niseme neno kuhusu majina tunayoupa muziki wenyewe. Tanzania waliuita muziki wa kufokafoka, na mpaka hapa nami nimelitumia neno hilo. Kufoka ni kutoka kwa povu kama uji unaochemka na kumwagika jikoni, na kwa binadamu ni kusema kwa hasira. Jina hilo lilitolewa na wazee waliosikia kelele wasisikie maneno. Vijana wenyewe husema kuchana, kuchana mistari. Huku Kenya tunasema tu kurap, mambo kwisha. Lakini katika hazina yetu tulikuwa na neno kughani, na tulikuwa na maghani, kipera cha fasihi simulizi ambacho hukaa kati ya usemi na wimbo. Chini ya maghani tunawafundisha wanafunzi majigambo, au vivugo: mtu husimama, hujitaja kwa jina la sifa, husema alikotoka, alichofanya, na kwa nini wapinzani wake wangalipo chini yake. Neno kivugo limetokana na lugha za magharibi ya Ziwa Viktoria, za Wahaya na Wanyankore, ambako shujaa hujigamba mbele ya mtawala. Mwanafunzi wa kidato cha tatu huzikariri sifa hizi zote. Kisha anatoka darasani, anaweka simu sikioni, anasikiliza kijana akijitaja kwa jina la sifa, akisema anatoka mji wa miamba, Mwanza, na kwamba wapinzani wake hawamfikii, wala hajui kwamba anasikiliza kivugo. Sisi walimu ndio tuliomnyima ufunguo.

Na hilo lina gharama. Katika karatasi ya tatu ya KCSE, swali la ushairi lina alama 20. Kila mwalimu anajua jinsi watahiniwa wanavyoliogopa. Wanaingia na orodha waliyoikariri: tarbia, takhmisa, ukaraguni, mtiririko. Wanahesabu beti kama mchungaji anavyohesabu mbuzi jioni, na wakishahesabu wanadhani wamechambua. Ukimwuliza kina kinafanya kazi gani, anakuambia, "Huleta urari." Urari wa nini? Hapo ananyamaza. Lakini kijana huyohuyo, ukimpigia wimbo, atakuambia papo hapo ni mstari upi umebamba na upi ni wa kubahatisha. Sikio lake tayari ni la mhakiki. Anachokosa ni istilahi tu, nazo zimeandikwa kwenye jina la albamu.

Wapo wenzangu watakaosema: lugha ya mtaani hiyo, imechanganywa na Kiingereza, tena ina maneno yasiyofaa mbele ya watoto. Hoja ya adabu naikubali. Mwalimu achague nyimbo, kama anavyochagua mashairi, maana hata katika ushairi wa zamani kuna beti ambazo sithubutu kuzinukuu katika gazeti linalosomwa mezani na familia. Lakini hoja ya usanifu siipokei. Muyaka hakutunga kwa Kiswahili sanifu. Hakikuwapo. Alitunga kwa Kimvita cha watu wa Mombasa, kuhusu vita na Seyyid Said, njaa, mapenzi, nyumba inayovuja na rafiki aliyemsaliti. Mohamed Hassan Abdulaziz alipomchapisha upya na kumfafanua mwaka 1979, alimweka kwenye jina la kitabu kama mtunzi wa ushairi wa umma, ushairi wa watu. Sifa tunayompa leo ni ya ukale. Enzi zake alikuwa sauti ya mtaa.

Na huyo Muyaka ndiye anayenitia wasiwasi kuhusu albamu hii. Alifariki mwaka 1840. Mashairi yake yalibaki vichwani mwa watu wa Mombasa kwa miongo kadhaa, mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoanza kuyakusanya na kuyaandika pamoja na maelezo, akishirikiana na mmishenari William Taylor. Diwani yake haikuchapishwa hadi 1940, miaka mia moja kamili baada ya kifo chake, kwa uhariri wa Hichens. Fikiria kama Sikujua angesema, "Hizi nyimbo za mitaani za nini?" Leo tusingekuwa na Muyaka. Tungekuwa na jina na hadithi mbili tatu.

Vina Mwanzo Kati na Mwisho ina umri wa miaka 20 hivi. Kaseti huoza. CD hukwaruzika. Mitandao ya muziki huweka kinachouzika na kukiondoa siku mkataba unapokwisha. Sijaona maktaba ya chuo chochote nilichofundisha au nilichotembelea ikiwa na rafu ya hip hop ya Kiswahili, wala idara ikiwa na nakala za mashairi yake yaliyoandikwa neno kwa neno na kutolewa maelezo. Tunajua kila neno la Al-Inkishafi, na ni haki tulijue. Kazi ya Sikujua kwa kizazi hiki bado haina mtu.

Kwa hiyo muhula huu nimewapa wanafunzi wangu wa uzamili zoezi la kuandika, kwa mkono, nyimbo za msanii huyu kama wanavyozisikia. Wamekwama mahali ambapo sikupatazamia. Hawakubaliani mshororo unaishia wapi. Kundi moja linakata mshororo kila baada ya mapigo manne ya ngoma, hata kama sentensi imebaki ikining'inia. Kundi la pili linafuata kina: palipo na kina kizito, hapo ndipo mwisho. La kwanza linamsikiliza mpigaji, la pili linamsikiliza msemaji. Nyimbo zilezile, kwa njia ya kwanza, zinatoka na mishororo 16 katika ubeti, kwa njia ya pili zinatoka na mishororo 20 na zaidi. Ukichagua ya pili, vile vilivyokuwa vina vya kati vinageuka kuwa vina vya mwisho, na mwanzo unahamia katikati. Mimi naegemea upande wa ngoma. Msomaji mwenye sikio zuri na daftari aniandikie anaegemea upi, na aambatishe angalau ubeti mmoja alioukata kwa njia zote mbili.